Dondoo muhimu: Kufundisha tamthilia ya Kaizari huko Fizi na Baraka, mashariki mwa Kongo

Mwalimu, maisha ya Shakespeare yatangoja. Anza na maiti: Kaizari ameuawa, umati umechafuka, na watu wawili wanaomba kusema: Brutus, mmoja wa wauaji, na Antony, rafiki wa marehemu.

Kitabu? Julius Nyerere aliitafsiri tamthilia hii ya Shakespeare kwa Kiswahili mwaka 1963, akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Nakala moja inatosha. Wanafunzi waliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wape kazi ya kueleza maneno magumu ya Kiswahili sanifu. Watafurahi kuwa walimu kwa siku moja.

Andika ubaoni vipande vya hotuba ya Brutus na ya Antony. Darasa lote liwe umati: washangilie, wazomee, wageuke. Kisha simamisha, uliza: amewageuza kwa neno gani? Usikubali jibu la "amesema vizuri". Waonyeshe kwa kidole pale Antony anaporudia sifa ileile ya Brutus mpaka inakuwa tusi. Hapa tumia saa nzima. Mengine yapite upesi.

Kwa kuwa Kaizari aliuawa akiwa mtawala, atatokea wa kumtaja Rais Laurent-Désiré Kabila, aliyeishi msituni Hewa Bora, hapahapa Fizi, akaja kupigwa risasi Kinshasa tarehe 16 Januari 2001. Sikiliza, kisha rudi kitabuni.

Mauaji yasimuliwe tu, yasiigizwe. Wamo watoto walioona ya kweli. Visu vibaki nyumbani, hata vya mbao.