Chemsha Bongo ya Kuchangia Wenye Shida

Harambee nyingi huwaangukia watu wale wale. Huko Uingereza na Marekani, marafiki huchanga kwa mchezo: wanalipa kiingilio, wanakaa meza moja na kujibu maswali pamoja. Mapato huenda kwa wenye shida. Hata sisi twaweza. Tufanyeje?

1. Semeni mapema pesa ni za nini, kwa mfano karo ya yatima.

2. Kila meza iwe na watu watano, wazee kwa vijana. Mmoja aandike. Asiyejua kusoma naye anajua mengi.

3. Tayarisheni maswali yenye majibu ya hakika. Wangari Maathai alipata Tuzo ya Nobel mwaka gani? (2004.) Ng'ombe hubeba mimba miezi mingapi? (Tisa.)

4. Meza 8, kila mtu shilingi 50, ni shilingi 2,000. Zawadi iwe ndogo, kama sabuni. Zawadi kubwa hula mchango.

5. Mweka hazina ahesabu pesa mbele ya wote, siku hiyo hiyo. Zikihesabiwa kwa siri, mara ya pili watu hawaji.

Jadilianeni: Asiye na shilingi 50 ataingiaje? Je, akileta kuni za chai?