Fokasi Ikae Kwenye Jicho: Kupanga Kamera Ndogo kwa Picha za Watu

Pamba ikishapasuka mashambani huku Usukumani, kuanzia Binza hadi Nyakabindi, watu wengi hutaka picha ya shambani. Mama anasimama katikati ya mistari na kanga mpya, mpiga picha anarudi nyuma hatua chache na kuvuta kwa zumu. Picha ikifunguliwa kwenye kompyuta, pamba iliyokuwa mbele ya mama inaonekana uzi kwa uzi, lakini uso wake una ukungu. Lawama huangukia kamera kwa kuwa ni ndogo na ya zamani. Mara nyingi kamera haina kosa: imeachiwa ichague yenyewe pa kuweka fokasi, nayo imechagua pamba.

Haikuchagua kwa bahati mbaya. Kamera ndogo nyingi hutafuta fokasi kwa kupima tofauti ya mwanga na giza. Lenzi husogea mbele na nyuma mpaka kingo za kitu zionekane kwa tofauti kubwa kuliko zote, hapo husimama. Mpangilio wa kiwandani huigawa skrini katika maeneo mengi, na kwa kawaida kamera hupendelea kitu kilicho karibu chenye kingo zinazojitokeza. Pamba nyeupe kwenye majani makavu ina kingo kama hizo kwa wingi. Uso wa mtu aliyesimama chini ya kofia au kivuli cha mti hauna.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuichukua kazi hiyo mikononi mwako. Ingia kwenye menyu utafute mahali pa kuchagua eneo la fokasi. Kwenye kamera za Sony pameandikwa Focus Area au AF; kwenye Canon ni AF Frame au AF Method; kwenye Nikon Coolpix ni AF area mode. Acha chaguo la maeneo mengi, ambalo Sony huliita Multi. Chagua kisanduku kimoja kidogo: Spot, Flexible Spot, 1-point, au Manual kwa Nikon. Kamera yako ikiwa na Center peke yake, chukua hiyo. Kisanduku cha katikati kinatosha kabisa kwa anayejua kukitumia, na kama kamera inakuruhusu kuchagua ukubwa wake, chagua kidogo.

Kisha kiweke kwenye jicho. Si kwenye paji la uso wala kifuani, na kama mtu ameugeuza uso kidogo, liwe jicho lililo karibu na kamera. Anayeitazama picha ya mtu huanza na macho. Yakiwa na ukungu, picha nzima ataiona mbovu hata kama kola ya shati inaonekana uzi mmoja mmoja.

Umuhimu wa jambo hili unategemea zumu. Kamera ndogo ya kawaida ina kihisi kidogo sana. Ukipiga bila kuvuta zumu, mtu akiwa umbali wa mita 1.5, karibu kila kitu kuanzia chini ya mita 1 hadi upeo wa macho huonekana vizuri, na kosa la fokasi halijulikani. Ila ukimkaribia mtu bila zumu, pua inakua na masikio yanarudi nyuma, jambo ambalo hakuna anayelipenda. Picha nzuri ya uso huhitaji kurudi nyuma kidogo na kuvuta, na hapo ndipo fokasi inapokuwa na masharti. Chukua kamera yenye kihisi kikubwa kidogo cha inchi 1, kama Sony RX100 ya kwanza iliyotoka mwaka 2012. Zumu ikivutwa hadi mwisho na uso ukiwa umbali wa mita 1, kina cha sehemu inayoonekana vizuri ni kama sentimita 8 tu. Fokasi ikiangukia ukingo wa kofia ya pama, macho yamepotea.

Tuseme unampiga picha mzee aliyeketi kwenye kigoda chini ya mwembe. Msalimie kwanza kwa Kisukuma, Mwangaluka, Baba, umwache akae anavyokaa siku zote. Simama mita 2 kutoka kwake, vuta zumu mpaka kichwa na mabega vijaze skrini. Weka kisanduku kwenye jicho lake la karibu, bonyeza kitufe cha kupigia nusu, usikifikishe mwisho. Kisanduku kitageuka kijani, na kamera nyingi zitatoa mlio. Ukiendelea kushikilia hapo, fokasi imefungwa kwenye umbali ule. Sasa unaweza kugeuza kamera kidogo ili mzee akae upande mmoja wa picha, kisha umalizie kubonyeza. Usisogee mbele wala nyuma katikati ya shughuli hii. Ukisogea hata kidogo, achia kitufe uanze upya. Na unapopiga uso kwa karibu sana, ni salama zaidi kukisogeza kisanduku chenyewe kwa vitufe vya mishale kuliko kuigeuza kamera, kwa sababu kuigeuza kunabadilisha umbali na zile sentimita hazina nafasi ya kupoteza.

Kisanduku kikiwa chekundu au kikimetameta, kamera imeshindwa. Huenda uko karibu mno, kwani zumu ikivutwa kamera huhitaji umbali mkubwa zaidi. Huenda pia kisanduku kimeangukia shavu laini lisilo na kingo za kukamata. Kisogeze kwenye kope au mstari wa nyusi.

Kuna njia nyingine inayosifiwa sana, ya kamera kuutambua uso yenyewe. Nikon waliiweka kwenye kamera za Coolpix mwaka 2005, na leo ni vigumu kupata kamera mpya isiyo nayo. Mbinu iliyofungua njia, ya Paul Viola na Michael Jones ya mwaka 2001, hulinganisha mabaka ya mwanga na kivuli: sehemu ya macho huwa na giza kuliko mashavu, na mgongo wa pua huwa na mwanga kuliko macho. Uso ukiwa na mwanga wa kutosha, tofauti hizo huonekana na kamera huupata haraka. Lakini sisi tuko karibu na ikweta. Saa saba mchana jua liko utosini, macho yamezama kivulini, na mbingu nyuma ni nyeupe. Kwa ngozi nyeusi katika mwanga huo, zile tofauti hufifia na kisanduku cha uso hakitokei, au hurukia uso uliochorwa kwenye fulana.

Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, walipima programu za kampuni kubwa zinazokisia jinsia kwa kutazama uso. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi makosa yalifika takriban asilimia 35. Kwa wanaume weupe hayakufika asilimia 1. Hizo hazikuwa programu za fokasi, lakini utafiti ule unatosha kutufanya tusiuamini mtambo macho yamefumbwa unaposoma nyuso zetu. Tumia utambuzi wa uso kwa watoto wanaokimbia au kundi la harusi, mwanga ukiwa mzuri. Kwa picha ya mtu mmoja, kisanduku kidogo ndicho ninachokitetea.

Mwanga wenyewe unaweza kuurekebisha. Mgeuze mtu ili mbingu isiwe nyuma yake, mpeleke kwenye kivuli kilicho wazi upande mmoja, au subiri saa kumi na moja jioni. Ikibidi kupiga mchana, washa flashi na uongeze mwangaza kwenye alama ya kujumlisha na kutoa, kama +0.7 hivi.

Kwenye ngoma za baada ya mavuno, makundi ya wachezaji ya Kisukuma, Bagalu na Bagika, yanaposhindana, mchezaji hakusubiri. Kamera yenye AF-C, yaani fokasi inayojirekebisha mfululizo, au yenye ufuatiliaji itajitahidi. Ya zamani itachelewa, hivyo fungia fokasi kwenye ardhi pale anapotua, ukae tayari.

Usichanganye pia fokasi na mtikisiko wa mkono. Fokasi ikikosea, kuna kitu kingine kwenye picha kilichotoka vizuri: ukuta, jani, kifungo cha shati. Mkono ukitikisika, hakuna kilichotoka vizuri, na nukta za mwanga hugeuka mistari. Dawa ya mtikisiko ni kasi ya shata ya 1/125 ya sekunde au zaidi, na kubana viwiko mbavuni.

Skrini ndogo hudanganya, kwani kila picha huonekana nzuri ikiwa na ukubwa wa kiberiti. Ukimaliza kupiga, fungua picha papo hapo, uikuze mpaka jicho lijaze skrini, utazame kama kope zinahesabika. Kama hazihesabiki, mwombe mzee avumilie kidogo na upige tena kabla hajainuka kwenye kigoda.