Breki Inapolia: Kabla Hujanunua cha Kuinyamazisha

Breki ya gari ikianza kulia, wengi hufika dukani kabla ya kufika gereji. Na kwenye maduka ya spea, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, hawakosi cha kuuziwa: shimu za kubandika, girisi ya kwenye tyubu ndogo, kopo la kupulizia, pedi zinazosifiwa kuwa hazipigi kelele. Baadhi ya vitu hivi vinafaa kweli. Vingine ni hasara tupu, na vipo vinavyohatarisha maisha. Kijitabu hiki kinakusaidia kuvitofautisha, lakini kabla ya yote ni lazima ujue breki inalilia nini.

Sauti tatu, maana tatu

Ukikanyaga breki, kalipa inaibana diski kwa pedi mbili, moja kila upande. Pedi ikiwa inashika na kuteleza kwa kasi sana hutetemeka, mtetemo ukahamia kwenye diski, nayo diski ikalia kama kengele. Ule mlio mkali unaochoma masikio ni mitetemo inayozidi 1,000 kwa sekunde. Gari linaweza kulia hivyo na bado likasimama vizuri. Mlio wa aina hii ni kero, na hapa ndipo vifaa vya kupunguza kelele vina kazi.

Sauti ya pili ni onyo lililowekwa makusudi. Pedi nyingi zina kijiulimi cha chuma pembeni. Pedi mpya huwa na unene wa kama milimita 10. Ikilika mpaka zikabaki milimita 2 au 3, kijiulimi hicho kinaigusa diski na kuanza kulia, wakati mwingine hata kabla hujakanyaga breki. Wapo mafundi wanaokikunja au kukikata kwa koleo, gari likanyamaza, mteja akalipa na kuondoka ameridhika. Hilo ni kosa kubwa na halina utetezi. Pedi zinaendelea kulika, na mwenye gari ameshanyang'anywa onyo lake. Fundi akikwambia amemaliza kelele bila kubadilisha chochote, mwambie afungue tairi akuonyeshe alichofanya.

Sauti ya tatu ni ya kusaga: nzito, ya chuma kwa chuma, unaisikia mpaka kwenye unyayo. Hapo pedi zimekwisha. Usiliendeshe gari hilo hata kwa kulipeleka gereji. Mwite fundi aje lilipo, au livutwe.

Kwa wakazi wa pwani, Tanga, Mombasa na Unguja, kuna mkwaruzo wa asubuhi tu. Gari lililolala nje kwenye unyevu huamka na kutu ya juujuu kwenye diski, na breki chache za kwanza huifuta. Usinunue chochote kwa ajili hiyo.

Shimu: nyongeza iliyokuwemo tangu mwanzo

Shimu ni bati jembamba lenye tabaka la mpira. Hukaa mgongoni mwa pedi, kati yake na pistoni ya kalipa, na kazi yake ni kuumeza mtetemo kabla haujaenea. Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba magari mengi tunayoagiza kutoka Japani yalitoka kiwandani yakiwa nazo. Pedi zinapokwisha, fundi anazichomoa pamoja na shimu zake, anazitupa zote, kisha anaweka pedi mpya zikiwa mgongo wazi. Gari linaanza kulia, mwenye gari analaumu pedi, halafu anauziwa kama nyongeza kitu kilekile alichotupiwa. Klipu ndogo zinazoishikilia pedi isicheze ndani ya kalipa nazo hupotea kwa njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo, ndiyo, shimu zina thamani ya pesa yake, mradi ziwe za gari lako hasa. Shimu ya kukatwa kwa mkasi ili itoshe inaweza kuhama na kugusa diski. Kupachika mbili mahali pa moja nako si sawa: pedi inabanwa, haiachii vizuri, na breki inachemka.

Girisi na makopo

Girisi ya breki, iliyotengenezwa kuhimili joto kali, hupakwa kidogo sana mgongoni mwa pedi, kwenye masikio yake, na kwenye pini ambazo kalipa hutelezea. Pini zikikauka au kushika kutu, pedi moja hulika kuliko mwenzake na kelele haiishi hata ubadilishe pedi mara ngapi. Kwa maoni yetu, kusafisha pini na kuzipaka girisi sahihi kunafaa kuliko kifaa chochote kinachouzwa. Usikubali girisi ya kawaida ya gari. Huyeyuka kwa joto na kutiririkia kwenye pedi, na ile ya mafuta ya petroli huvimbisha mipira ya kalipa.

Makopo yapo ya namna mbili, na yanachanganywa ovyo. Dawa inayokauka kama mpira hupakwa mgongoni mwa pedi tu. Inasaidia kiasi, haifikii shimu. Dawa ya kusafishia breki huondoa mafuta na vumbi kisha hukauka yenyewe. Nje ya hiyo ya kusafishia, hakuna kitu cha kupulizwa kwenye uso wa diski au wa pedi unaosuguana. Gari linasimama kwa msuguano wa hapo. Ukiutelezesha uso huo kwa mafuta, kelele itakwisha, na breki nayo itakwisha.

Pedi zenyewe

Za seramiki huwa kimya zaidi na hutoa vumbi kidogo. Kwa gari dogo la mjini zinastahili bei yake. Zenye chembe nyingi za chuma hupiga kelele zaidi lakini nyingi huhimili joto vizuri. Anayeshuka mlima Kitonga, Iringa, na abiria na mizigo atazame joto kwanza, ukimya baadaye, na atumie gia ndogo. Pedi iliyoungua kwenye mteremko huwa na uso unaong'aa, na hulia.

Pedi mpya zizoeshwe. Mahali pasipo na msongamano, punguza mwendo taratibu kutoka kilomita 50 kwa saa hadi kama 10, mara kadhaa, ukiacha nafasi ya breki kupoa. Kama mtengenezaji ametoa maelekezo yake, yafuate hayo. Diski iliyochimbika ichongwe, au ibadilishwe ikiwa imefikia unene wa mwisho ulioandikwa juu yake.

Fundi asipulize vumbi la breki kwa upepo wa kompresa wala kwa mdomo. Pedi za zamani huweza kuwa na asbesto, inayosababisha saratani ya mapafu. Alifute kwa kitambaa kilicholowa.

Na ukikabidhiwa gari baada ya pedi kubadilishwa, kanyaga breki mara kadhaa likiwa bado limesimama, mpaka pedali iwe ngumu. Pistoni zilirudishwa nyuma wakati wa kazi, na mkanyago wa kwanza unaweza kuzama mpaka chini bila kushika kitu.