Mwinuko wa Tabora na Njia ya Maji: Somo la Ardhi kwa Wakazi wa Itetemia

Mgeni anayefika Tabora kwa treni akitokea Dar es Salaam huona nchi tambarare pande zote, naye hudhani kwamba amefika bondeni. Ukweli ni kinyume chake. Mji wa Tabora upo karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Reli ya Kati, iliyofika hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, huupandisha mwinuko huo kidogo kidogo katika safari ya kilomita zaidi ya 800, kiasi kwamba abiria wengi hawatambui kuwa wamepanda. Tabora ni juu, isipokuwa ni juu palipo sawa. Uwanda huo ndio chanzo cha faida nyingi za mkoa huu na cha matatizo kadhaa ambayo wakazi wa Itetemia, pamoja na kata nyingine za Manispaa, hukutana nayo kila masika.

Uwanda wa kati wa Tanzania umekalia miamba ya matale iliyo miongoni mwa miamba ya kale zaidi barani Afrika, yenye umri unaozidi miaka bilioni mbili na nusu. Mvua, jua na upepo vimeilainisha nchi hii kwa muda mrefu mno, na kilichobaki kimesimama ni vilima vya mawe vinavyojitokeza hapa na pale. Mashariki na magharibi ya uwanda, mikono miwili ya Bonde la Ufa imeikata ardhi. Ndiyo maana takwimu za miinuko ya miji yetu hazifuati mpangilio ambao mtu angeutarajia. Dodoma ipo mita 1,100 na ushei, chini kidogo ya Tabora. Arusha, inayofahamika kwa ubaridi, ipo mita 1,400 hivi, Mbeya mita 1,700, na Njombe inakaribia mita 2,000. Morogoro, iliyo chini ya milima mikubwa ya Uluguru, yenyewe ipo mita 500 tu. Upande wa magharibi nchi huporomoka: uso wa Ziwa Tanganyika upo mita 773 hivi, na kwa kuwa kina cha ziwa hilo hufika mita 1,470, sakafu yake ipo zaidi ya mita 600 chini ya usawa wa bahari. Nchi yenye Kilele cha Uhuru, mita 5,895, ndiyo hiyo hiyo inayopakana na shimo hilo.

Takwimu moja yafaa kutazamwa kwa makini zaidi. Uso wa Ziwa Viktoria upo mita 1,134 hivi. Kwa maneno mengine, Tabora ipo juu ya Ziwa Viktoria kwa zaidi ya mita 60. Maji ya ziwa hilo ambayo leo hutoka katika mabomba ya mji hayakuteremka kuja hapa. Yalipandishwa. Huvutwa Ihelele, wilayani Misungwi, husafishwa, kisha husukumwa na mitambo hadi kwenye matangi yaliyo mahali pa juu, na kutoka huko husafiri mamia ya kilomita kupitia Shinyanga, Nzega na Igunga. Kabla ya hapo mji ulitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, ambayo katika miaka ya ukame yalikuwa yakipungua hadi watu kuhesabu ndoo. Kila lita inayosukumwa kupanda hugharimu umeme, na bomba linalovuja hupoteza maji pamoja na gharama hiyo. Hesabu yenyewe ni nyepesi: ili maji yafike juu kwa mita 10 huhitaji msukumo wa takribani kipimo kimoja cha hewa tunayoivuta. Kwa hiyo nyumba mbili za mtaa mmoja, moja mgongoni na nyingine bondeni, hazipati msukumo sawa hata kama bomba ni moja. Mwenye nyumba ya juu anayelalamika kwamba jirani yake wa chini "anamnyonya" mara nyingi analalamikia umbile la ardhi, na dawa yake ni tangi la akiba linalojazwa usiku, wakati matumizi ya wengine yamepungua.

Mvua inayonyesha hapa nayo ina njia zake. Mto Igombe, kaskazini mwa mji, huelekea magharibi hadi kuungana na Malagarasi. Mto Wala hupeleka maji Ugalla, nao Ugalla huingia Malagarasi, na Malagarasi humwaga Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo hutoka kwa Mto Lukuga kwenda Kongo na hatimaye Bahari ya Atlantiki. Lakini mashariki mwa mkoa, upande wa Igunga, maji ya Manonga na Wembere hushuka kwenye Ziwa Kitangiri na Ziwa Eyasi, ambayo hayana njia ya kwenda bahari yoyote. Maji yake huishia angani kwa mvuke. Katika mkoa mmoja, tone moja laweza kufika Atlantiki na jirani yake likakauka katika magadi ya Eyasi.

Kutoka Tabora hadi Ziwa Tanganyika nchi hushuka kwa mita 430 hivi katika umbali wa karibu kilomita 400, yaani mita moja tu kwa kila kilomita. Mteremko wa namna hiyo ni mdogo kupita kiasi. Mto hauwezi kukimbia, hivyo hutanda. Ndiyo sababu ya kuwepo kwa ardhi oevu kubwa ya Malagarasi na Muyovozi, iliyokuwa ya kwanza nchini kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Jambo hilo hilo, kwa kipimo kidogo, hutokea katika kila mbuga iliyo pembezoni mwa mitaa yetu.

Vipimo hivi vina historia yake, na sehemu ya historia hiyo ilipita jirani na Itetemia. Tarehe 7 Novemba 1857, Richard Burton na John Hanning Speke waliwasili Kazeh, ndiyo Tabora, kwa njia ya misafara iliyotoka pwani. Pamoja nao alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, bila ya kuwasahau wapagazi ambao migongo yao ndiyo iliyobeba safari yote. Wageni hao hawakuwa na njia rahisi ya kupima mwinuko. Walichemsha maji. Maji huchemka kwa nyuzijoto 100 usawa wa bahari, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo yanavyochemka kwa joto dogo zaidi, takribani digrii moja kwa kila mita 300. Hapa Tabora huchemka kwa digrii 96 hivi, na huo ni mmoja wa sababu za maharage kukaa jikoni muda mrefu kuliko yakipikwa Bagamoyo.

Walipofika Ziwa Tanganyika mwaka 1858 walipima kwa kipimajoto duni na kupata futi 1,850 hivi, ambazo ni mita 560 na ushei. Walikosea kwa zaidi ya mita 200, na kosa lenyewe katika kipimajoto halikufikia hata digrii moja kamili. Miezi michache baadaye Speke alimwacha Burton Kazeh, akaenda kaskazini, akaufikia ukingo wa Nyanza, naye akapata futi 3,700 na zaidi, kipimo kilichokaribia sana kile cha leo. Tofauti hiyo ya urefu ilikuwa miongoni mwa hoja zake kwamba Nyanza, wala si Tanganyika, ndiyo chanzo cha Nile: ziwa lililo chini sana haliwezi kuulisha mto unaopita mahali palipo juu. Mabishano ya wawili hao yalidumu hadi kifo cha Speke mwaka 1864. Inafurahisha kwamba wakazi wa njia hii ya misafara, waliojua kwa miguu yao mto upi unaelekea wapi, hawakuwa wa mwisho kuulizwa habari hizo. Ila majina yao ndiyo hayakuandikwa.

Njia yenyewe ilifuata umbile la nchi. Kati ya Mpwapwa na Ugogo msafara ulipaswa kuvuka Marenga Mkali, mahali pasipo na maji, na baada ya Ugogo ukaja Mgunda Mkali, pori la vichaka vizito. Aliyefika Unyanyembe alikuta nchi wazi, visima visivyo virefu na chakula. Hapo barabara ziligawanyika, moja kwenda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda, na nyingine kusini. Itetemia ilikuwa makao ya utemi wa Unyanyembe, na Kwihara, lilipo tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, si mbali. Watemi hawakuchagua mahali hapo kwa bahati nasibu. Makao yalihitaji ardhi kavu ya kujenga na mbuga ya karibu kwa ajili ya maji na malisho, na mpaka kati ya viwili hivyo ulifahamika vyema.

Mpaka huo ndio kiini cha somo hili. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani huko Tanga, aliwaeleza wasomi wa dunia kwamba udongo wa Afrika Mashariki umepangika kama mnyororo kutoka kilimani hadi bondeni: juu udongo mwekundu unaopitisha maji, katikati mchanga, chini mfinyanzi mweusi. Neno alilolitumia lingali likifundishwa vyuoni hadi leo. Wakulima walikuwa nayo elimu hiyo zamani. Wasukuma, ndugu na majirani wa Wanyamwezi, huita udongo wa mchanga wa juu luseni, ule mgumu usiopitisha maji ibambasi, na wa chini kabisa mbuga, na kwa kila mmoja wanajua zao lake. Majaruba ya mpunga hayalimwi kwenye luseni.

Hata majina ya kata za Manispaa yana kumbukumbu hiyo. Mbugani ni Mbugani. Chemchem inataja maji yanayotoka ardhini. Kidongo Chekundu inataja udongo mwekundu, ingawa jina hilo lipo Unguja pia na huenda lilisafiri na misafara, kama Ng'ambo. Tambukareli haisemi chochote kuhusu udongo, bali yakumbusha kuvuka reli.

Tatizo huanza mwezi wa Agosti. Wakati huo mbuga imekauka, imepasuka, nyasi zimeliwa na ng'ombe, na kiwanja huonekana kikubwa, safi na cha bei nafuu. Muuzaji hana haja ya kusema uongo, kiangazi kinamsemea. Mnunuzi hujenga kabla ya mvua za Novemba. Udongo mweusi wa mfinyanzi hufura unapolowa na kusinyaa unapokauka, hivyo ukuta hupata nyufa za mshazari kuanzia kwenye pembe za madirisha katika msimu wa kwanza au wa pili. Choo cha shimo hujaa maji kutoka chini. Kinyesi hupanda juu na kuingia kwenye visima vifupi vya mtaa mzima, na hapo kipindupindu huwa kimeandaliwa njia. Aliye bondeni hupokea pia maji ya walio juu, kwa sababu kila paa jipya la bati na kila uwanja uliosakafiwa huzuia mvua isizame ardhini.

Kuitambua mbuga wakati wa kiangazi si kazi ngumu. Nyufa pana ardhini ni dalili ya kwanza. Kukosekana kwa miti ya miombo ni dalili ya pili, maana mininga na mitundu haipendi kusimama majini. Chimbo la kina cha mita moja huonyesha rangi ya kweli ya udongo chini ya mchanga uliopeperushwa juu yake. Zaidi ya yote ni kumuuliza mzee wa jirani, si dalali, maji hufika wapi mwezi wa Machi. Simu yenye kuonyesha mwinuko haitoshi, kwani hukosea kwa mita kadhaa, na mita moja tu ndiyo itenganishayo sebule kavu na sebule yenye maji.

Kipimo kilicho bora kipo mkononi mwa fundi yeyote: mpira mwembamba unaopenya mwanga, uliojazwa maji bila kuacha mapovu ndani. Ncha moja hushikwa kwenye kona moja ya kiwanja, nyingine kona ya mbali, na maji hutulia usawa mmoja pande zote mbili. Tofauti ya urefu kutoka ardhini hadi kwenye maji katika kila ncha ndiyo mteremko. Iwapo kiwanja cha mita 30 kinashuka kwa sentimita 30, huo ni mteremko wa asilimia moja, unaotosha mfereji kutiririka. Chini ya hapo maji yatasimama, na msingi utahitaji kuinuliwa.

Sheria nayo imezingatia umbile hili. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, mabwawa na maziwa. Kisima nacho hushauriwa kiwe angalau mita 30 kutoka chooni, upande wa juu wa mteremko. Mwananchi anayetaka kujenga anapaswa kupata kibali cha ujenzi. Ofisi ya ardhi na mipango miji ya Halmashauri ndiyo yenye ramani za mipango, na kabla ya kulipa fedha ya kiwanja mnunuzi anashauriwa kufika na nakala ya mchoro wake ili aonyeshwe mipaka ya maeneo ya wazi na ya hifadhi ya maji. Kwa aliyekwisha kujenga bondeni, maafisa huweza kumweleza mahali pa kuelekeza mfereji usiomwaga kwa jirani, na aina ya choo kinachojengwa juu ya ardhi, chenye ngazi, mahali ambapo shimo haliwezi kuwa refu. Wakati mzuri wa kuomba ukaguzi huo ni Februari au Machi, maji yakiwa yangali yamesimama uwanjani.