Kabla ya Kununua Ua la Kivulini, Kijue Kivuli Chako

Nilinunua waridi kando ya barabara hapa Kampala, nikalipakata juu ya boda boda kama mtoto mchanga, nikaliweka barazani penye kivuli. Mwezi haukuisha likabaki vijiti vitatu virefu na majani machache ya njano. Muuzaji hakuwa na kosa. Kwake lilishinda juani. Mimi ndiye niliyechagua ua kabla ya kukijua kivuli.

Na kivuli cha Kampala kinahama. Mji uko kaskazini kidogo tu ya Ikweta, hivyo jua la adhuhuri huegemea kaskazini mwezi Juni, na kusini mwezi Desemba. Ukuta uliokuwa na ubaridi Juni unaweza kuungua Desemba. Vitabu vya bustani vya Uingereza, vinavyosema kaskazini mwa nyumba ndiko kwenye kivuli, havitufai. Afadhali ua likiwa kwenye chungu: jua likihama, nawe unahamisha.

Pima hivi. Saa sita mchana, nyosha mkono juu ya karatasi nyeupe. Kivuli cha mkono kikiwa na kingo kali, hapo ni juani. Kikiwa hafifu kama moshi, weka begonia, kaladiamu au kangaga. Kisipoonekana kabisa, usibishane napo: chukua sansevieria, ile yenye majani yaliyosimama kama panga, au mmea unaouzwa kwa jina la ZZ. Huu wa pili asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki, na huweka akiba ya maji katika viazi vyake chini ya udongo. Utomvu wake unawasha, basi uwe mbali na watoto.

Ninayoipenda kuliko yote ni drasena. Kwa asili huota chini ya miti mikubwa msituni, kwa hiyo kivuli si adhabu kwake. Wachaga huiita sale, na kwao ni alama ya mpaka na ya kuombana radhi. Hata kununua si lazima: mwombe jirani kipande cha shina, kichomeke kwenye udongo wenye unyevu, kitashika.

Chungu si lazima kiwe cha duka. Ndoo ya rangi ya lita 20 inatosha, mradi uitoboe matundu matano au sita kwenye kitako kwa msumari wa moto. Changanya udongo mweusi, samadi iliyooza vizuri na mchanga kidogo. Kivulini udongo haukauki upesi, na mimea mingi zaidi hufa kwa kunyweshwa kupita kiasi kuliko kwa kiu. Chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Kikitoka na udongo mbichi, acha.

Maji yanayobaki kwenye sahani chini ya chungu yamwage kila baada ya siku mbili tatu, hasa misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Yakituama wiki moja na kidogo, yai la mbu limekwisha kuwa mbu anayeruka.