Udhibiti Bora na Uthabiti: Funzo la Bwawa la Mtera

Mwanafunzi wa Mpemba, jirani na Tunduma, anayejisomea usiku kwa taa ya umeme hutegemea gridi ya taifa. Sehemu ya umeme huo hutokana na Mto Ruaha Mkuu: kituo cha Mtera, megawati 80, na cha Kidatu, megawati 204, kilicho chini yake mtoni. Bwawa la Mtera huwawekea wote wawili akiba ya maji. Mwaka 2006 ukame ulilishusha bwawa hilo, na nchi ikaingia katika mgawo wa umeme. Je, kila mwezi yafunguliwe maji kiasi gani, ilhali mvua haitabiriki?

Tuchukue mfano mwepesi. Tuseme x ni ziada au upungufu wa maji kulingana na mpango. U ni nyongeza ya maji yanayofunguliwa. W ni badiliko la nasibu la mvua, lenye wastani wa sifuri, lisilotegemea mwezi uliopita. Basi:

x mpya = x − u + w

Tukifuata ratiba bila kulitazama bwawa, u = 0. Wastani wa x ni sifuri, lakini tofauti hurundikana mwezi hadi mwezi bila kikomo.

Sasa tupime na kurekebisha: u = kx. Wastani wa x² tuuite V, na wa w² tuuite s. Hivyo:

V mpya = (1 − k)²V + s

Iwapo k ipo kati ya 0 na 2, V hutulia kwenye s/[k(2 − k)]. Huo ndio uthabiti: maji hayatulii kabisa, bali mtawanyiko wake una mpaka.

Gharama iwe x² + 2u², kwa kuwa kubadilisha maji ovyo huvuruga uzalishaji. Wastani wake ni:

G = s(1 + 2k²)/[k(2 − k)]

Kwa k = 1/4, G ni karibu 2.57s, kwa 1/2, ni 2s, kwa 1, ni 3s. Iliyo bora ni 1/2. Tena, k ikikaribia 0 au 2, G hukua bila kikomo: gharama inayohesabu x hukataa yenyewe kanuni isiyo thabiti. Tungehesabu u² peke yake, k = 0 ingeonekana nafuu kuliko zote, na bwawa lingeachiwa bahati.

Nadharia ya uthabiti iliasisiwa na Lyapunov mwaka 1892. Kalman aliiunganisha na udhibiti bora mwaka 1960. Bwawa halisi, hata hivyo, lina sakafu na ukingo, na miezi ya ukame hufuatana. Kanuni haileti mvua, hutufundisha kuitumia.

Zoezi: Badala ya 2u² weka 6u². Onyesha kwamba k bora ni 1/3, na G ni 3s.