Utitiri Katika Mbegu: Dawa Kidogo Huleta Hasara Kubwa

Mkulima amepanda mbegu alizoziweka mwenyewe, mvua imenyesha, na siku 10 baadaye mistari ina mapengo. Hulaumu ndege, hulaumu udongo. Mara nyingi mwizi alikuwa ghalani.

Utitiri ni mdudu mdogo sana. Kwa kawaida urefu wake ni kama nusu milimita. Ana miguu minane, maana ni jamaa ya kupe. Hupenda ghala lenye unyevu, na katika skimu za nyanda za juu kama Nyandarua, penye ukungu na baridi, kukausha mazao ni kazi. Hupenda kula kiini cha mbegu, pale mche unapochipukia. Mbegu kama hiyo yaweza kuonekana nzima, lakini haioti.

"Lakini mimi nilitia dawa," utasema. Ulitia kiasi gani? Wengine hunyunyiza kidogo ili pakiti itoshe magunia yote. Wengine hutegemea dawa iliyobaki katika magunia ya mwaka jana. Tena dawa iliyochanganywa na mbegu mbichi huisha nguvu upesi.

Dawa hafifu huua utitiri walio dhaifu na kuwaacha wenye nguvu. Hao ndio wanaozaa, na watoto wao hurithi nguvu hiyo. Uingereza wamekwisha kupatikana utitiri wa ghalani wanaostahimili pirimifosi-methili, dawa inayotumiwa sana hata kwetu. Pia yuko utitiri mwingine ambaye hali mbegu, bali huwawinda wenzake. Dawa ikimwua huyo, wala-mbegu huzaana bila adui. Tena baadhi ya watoto wa utitiri hugeuka wenye ngozi ngumu, wakakaa bila kula mpaka unyevu urudi.

Basi, fanya hivi:

1. Anika mbegu mpaka unyevu uwe asilimia 13 au chini yake. Kama huna kipimo, tia mbegu na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise. Chumvi ikishika kwenye chupa, mbegu bado ni mbichi, anika tena.

2. Pepeta, uondoe vumbi na punje zilizovunjika. Utitiri huanza hapo.

3. Fagia ghala mpaka kwenye nyufa. Magunia ya zamani yachemshe na kuyaanika juani. Yapange juu ya mbao, mbali na ukuta.

4. Ukitumia dawa, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Usipunguze, wala usizidishe. Mbegu iliyopakwa dawa ya kupandia usiile, wala usiwape kuku.

5. Kabla ya mvua, otesha mbegu 100 katika kitambaa chenye maji. Baada ya siku 7 hesabu zilizoota. Zikiwa chache, tafuta mbegu nyingine mapema.

Kumbuka: ukavu na usafi ndio ulinzi wa kwanza. Dawa ni msaidizi tu.